Kifiji na sauti zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tarehe 17 Aprili 2016, Kenya ilipoilaza Fiji 30–7 kwenye fainali ya raga ya wachezaji saba kila upande huko Singapore, watu wengi walijikuta wanasoma majina ya Wafiji kwenye runinga na kuyasikia yakitamkwa vingine kabisa. Imeandikwa d, mtangazaji anasema nd. Imeandikwa c, wenyewe wanasema dh. Tangu hapo maswali hayajaisha, na mengi hurudi yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Msimamo wangu nautoa mapema: kinachotupiga chenga ni herufi. Sauti zenyewe tunazo, tena nyingine tunazo vizuri kuliko Waingereza waliotawala visiwa hivyo.

Kifiji ni lugha ya wapi, na ni ya ukoo gani?

Fiji ni nchi ya visiwa zaidi ya 330 katika Pasifiki ya Kusini, na vinavyokaliwa na watu ni kama theluthi moja tu. Kisiwa kikubwa ni Viti Levu, kinachofuata ni Vanua Levu. Sensa ya 2017 ilihesabu watu 884,887, yaani nchi nzima haifiki hata nusu ya Nairobi. Lugha ya wenyeji ni ya tawi la Oseania katika ukoo mkubwa wa Austronesia, ukoo ambao wanaisimu wanaufuatilia hadi Taiwan. Mababu wa Wafiji walitia nanga visiwani humo takriban miaka 3,000 iliyopita, wakiwa na vyungu vyao vya Lapita vyenye nakshi za kuchomachoma. Ndugu wa karibu wa Kifiji ni Kitonga cha Pasifiki (si cha Zambia), Kisamoa, Kimaori na Kihawaii.

Niseme Kifiji, Kitaukei au nini?

Wenyewe husema *vosa vakaviti*. *Vosa* ni kusema au lugha, *Viti* ndiyo nchi, na *vaka-* ni kiambishi kinachofanya kazi ambayo sisi tumempa *ki-*: mtindo au namna ya watu fulani. Tunavyosema “kizungu”, wao husema *vakavalagi*. Tangu 2010 serikali huwaita wenyeji wa asili iTaukei, na neno Wafiji limeachiwa raia wote, wakiwemo wenye asili ya India. Ndiyo maana kwenye shughuli rasmi utasikia lugha ya iTaukei. Hapa ninatumia Kifiji kwa sababu ndilo jina linaloeleweka kwetu.

Jina la Fiji nalo ni la kusikia kwa jirani. Watonga waliita visiwa hivyo Fisi, na mabaharia wa Kizungu waliolipata jina kwa Watonga wakaligeuza wakaondoka nalo. Viti imebaki nyumbani.

Kwa nini Nadi husomwa Nandi?

Hili ndilo swali kuu. Nadi ndiko uliko uwanja mkubwa wa ndege wa nchi hiyo, kwa hiyo kila msafiri huanza kukosea hapo. Mkenya akitajiwa neno hilo kwa mdomo atadhani anasikia habari za Kaunti ya Nandi na mji wake wa Kapsabet.

Jibu liko katika muundo wa silabi. Kwa Mfiji, sauti tunayoiandika nd ni konsonanti moja. Haigawanyiki. Hana d tupu isiyo na n mbele yake, wala b tupu isiyo na m. Kwa kuwa d peke yake haipo katika lugha, hakuna haja ya kuandika n ili kuitofautisha na kitu kisichokuwepo. Herufi moja inatosha: d ni nd, b ni mb. Kwa mantiki hiyo hiyo q ni ng kama katika *ngoma*, na g ni ng' kama katika *ng'ombe*.

Ukilitazama hivyo utaona kwamba mpango huo umenyooka. Anayeuona umepinda ni yule aliyekuja na matarajio ya Kiingereza. Sisi wenyewe tunaandika sauti moja kwa herufi mbili, halafu nyingine kwa herufi mbili na alama juu yake, na bado mtoto wa darasa la tatu anasahau hiyo alama na kuandika “ngombe”.

Nani aliamua iandikwe hivyo?

Wamisionari wawili wa Kimethodisti, David Cargill na William Cross. Walitoka Tonga wakafika kisiwa cha Lakeba, mashariki mwa Fiji, Oktoba 1835. Walikuja na herufi walizozoea kutumia kwa Kitonga, wakajaribu kwanza kuandika mb na nd kama wewe na mimi tungefanya. Haikwenda. Msomaji aliyefundishwa kwamba kila konsonanti hufuatwa na irabu, akiona m na b zimeandamana, hutafuta irabu ya kutia katikati. Kwa hiyo wakaacha, wakachukua herufi zilizokuwa zimekaa bure, c na q, wakazipa kazi.

Namheshimu Cargill kwa jambo moja. Yeye Mskoti, mwenye lugha ambayo c ina desturi zake, alikubali kuandika kwa ajili ya sikio la Mfiji. Wachora ramani waliomfuata hawakuwa na moyo huo. Vitabu na ramani za zamani za Kiingereza zimejaa Mbau, Mbengga na Thakombau, kwa kuwa ziliandikwa ili Mwingereza aliyekaa London asome bila kujisumbua. Huyo Thakombau ni Seru Cakobau, chifu mkuu wa Bau aliyetia sahihi hati ya kuikabidhi nchi kwa Waingereza mjini Levuka tarehe 10 Oktoba 1874. Soma Dhakombau. Uhuru ulipopatikana 1970, tarehe ilikuwa hiyo hiyo, 10 Oktoba.

Nipe basi orodha ya herufi zinazokorofisha.

b husomwa mb: *bula* ni mbula.
d husomwa nd: *dalo* ni ndalo, nayo ni magimbi.
q husomwa ng ya *ngoma*: *waqa* ni wanga, yaani chombo cha baharini.
g husomwa ng' ya *ng'ombe*: *sega* ni seng'a, maana yake “hapana”.
c husomwa dh ya *dhahabu*: *moce* ni modhe, maana yake “lala” na pia “kwaheri”.
dr husomwa ndr: *yadra* ni yandra, “amka”.
j husomwa karibu na ch, na hutokea zaidi katika maneno ya kigeni: *Jone*, yaani Yohana, ni Chone.

Herufi nyingine, ukiiacha v nitakayoieleza chini, zisome kama ulivyozoea. Irabu ni tano, a e i o u, na husomwa kama zetu.

Neno kuhusu dh. Wapo kati yetu wanaosema “zambi” na “zahabu”, na maisha yanaendelea. Kwenye Kifiji usifanye hivyo. Kikuyu ana nafuu hapa, maana th yake tayari ni dh.

Hiyo b ni sawasawa na mb yetu?

Inategemea mb ipi. Tamka polepole “mtu mbaya”, kisha “njia mbaya”. Katika “mtu mbaya” m ni silabi inayojitegemea: m-ba-ya, mapigo matatu. Katika “njia mbaya” m imejibanza ndani ya b: mba-ya, mapigo mawili. Tahajia yetu haionyeshi tofauti hiyo, lakini masikio yetu yanaijua. B ya Kifiji ni ile ya njia, si ile ya mtu. Ukisema m-bula kwa kuvuta m utaeleweka, ila utasikika kama mtu anayesita mlangoni.

Tena mwanzoni mwa neno hicho king'ong'o huwa chepesi kuliko katikati. Ndiyo sababu watalii wengi hurudi kwao wakiapa kwamba walisikia *bula* yenye b tupu. Katikati ya neno, kama *tabu* au *Labasa*, hakuna asiyesikia: tambu, Lambasa.

Nikiandika Kiswahili kwa herufi za Kifiji kitaonekanaje?

Mchezo huu ndio njia ya haraka ya kuzizoea. Mombasa inakuwa Mobasa. Mbeya ni Beya, Lindi ni Lidi, Tanga ni Taqa, Pemba ni Peba. Ng'ombe anapungua na kuwa *gobe*. Dhambi inakuwa *cabi*, ambayo angalau inaonekana nyepesi.

Kinyume chake ndicho kinachochekesha. Mfiji asiyejua Kiswahili akikuta mabango yetu atasoma Dodoma kama Ndondoma na Bukoba kama Mbukomba. Gogo la mti litakuwa ng'ong'o. Baba atakuwa mbamba.

Kuna sauti ambayo Mswahili atahangaika nayo?

Tatu, nazo si nzito.

Ya kwanza ni v. V yetu hugusanisha meno ya juu na mdomo wa chini. Ya Kifiji hutumia midomo yote miwili, bila meno, hewa ikipita katikati kama unapuliza chai ya moto lakini kwa sauti. Masikioni iko kati ya v na w. Wakikuyu na Waluhya wanayo katika lugha zao, kwa hiyo wao wasipoteze muda kwenye aya hii. Wengine wajizoeze kwa *vinaka*, “asante”, maana ndilo neno watakalolitumia mara nyingi kuliko yote.

Ya pili ni dr. Ulimi unaanza na n, unagusa d kwa kupita tu, unaishia kwenye r inayotetemeka. Anayeweza kutamka jina la mfalme wa Imerina huko Madagaska, Andrianampoinimerina, bila kusimama kupumua ameshafaulu mtihani huu.

Ya tatu ni urefu wa irabu, na hapo ndipo penye mtego. Irabu fupi na ndefu ni vitu viwili tofauti katika Kifiji, lakini maandishi ya kila siku hayaonyeshi. Kamusi huweka kistari juu ya irabu ndefu. Magazeti, Biblia na mabango hayaweki. *Dredre* yenye irabu fupi ni kucheka, na yenye irabu ndefu ni kitu kigumu. Kwenye karatasi yanafanana kama mapacha, na msomaji huamua kwa muktadha. Mzawa haoni shida, kama sisi tusivyoona shida na “mbaya” mbili za hapo juu. Mgeni ndiye anayelipa gharama.

Mkazo unawekwa wapi?

Silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili: VU-la, vi-NA-ka. Isipokuwa neno likiishia na irabu ndefu, mkazo huangukia hiyo hiyo ndefu. Kama unahesabu irabu ndefu kuwa mapigo mawili, hakuna ubaguzi wowote, kanuni ni moja.

Mfano mzuri ni *motokā*, yaani gari. Naam, ni motokaa yetu ile ile ya wazee. Lugha mbili zisizojuana, bahari mbili mbali, zilipokea neno moja la Kiingereza, zikaling'oa r mwishoni, zikavuta a, na mkazo ukakaa mahali pale pale.

Kwa nini maneno yao ya kukopa yanafanana hivyo na yetu?

Kwa sababu sheria ya nyumba ni ile ile: silabi iishie kwa irabu, na konsonanti zisirundikane. *Basi* ni basi (isome mbasi). *Suka* ni sukari. *Peni* ni kalamu. Stephen akawa Sitiveni, William akawa Viliame, Reuben akawa Rupeni, Kristo akawa Karisito. Mtu aliyezoea Stefano na Petero hatashangaa.

Ninalolipenda zaidi ni *bulumakau*, yaani ng'ombe. Ng'ombe hawakuwepo visiwani mpaka walipoletwa na Wazungu. Inasimuliwa kwamba Mfiji aliyeuliza “hawa ni nini?” alijibiwa kwa Kiingereza kwamba ni fahali na jike, naye akayameza maneno yote matatu kama jina moja, kiunganishi kikiwa ndani. Tangu hapo hata fahali aliye peke yake malishoni anaitwa fahali-na-jike.

Kifiji na Kiswahili ni ndugu? Mbona sauti zinalingana hivi?

La. Kiswahili ni Kibantu, Kifiji ni Kiaustronesia, na hakuna ushahidi unaoziunganisha. Sauti kama mb na nd zimechipuka pande zote mbili kwa njia zake. Anayekutumia video ya kudai kwamba Wafiji walihama kutoka Tanganyika kwa sababu tu ya majina kama Nandi, mwambie aanze na maneno ya msingi kwanza.

Lakini ndugu wa Kifiji yuko jirani yetu: Kimalagasi, lugha ya Bukini, kama wazee wa pwani walivyoiita Madagaska. Nacho ni cha ukoo wa Austronesia, ingawa si cha tawi la Oseania. Chanzo chake ni kisiwa cha Borneo. Watu wa ukoo mmoja wa lugha, wengine wakaelekea mawio wakafika Fiji, wengine wakavuka Bahari ya Hindi wakaja mpaka hapa. Tazama:

Mbili: Kifiji *rua*, Kimalagasi *roa*.
Tatu: *tolu*, *telo*.
Tano: *lima*, *dimy*.
Saba: *vitu*, *fito*.
Nane: *walu*, *valo*.
Jiwe: *vatu*, *vato*.
Mwezi: *vula*, *volana*.
Tunda: *vua*, *voa*.

Msafiri wa Mayotte anaweza kuusikia undugu huo kwa Kibushi, ambacho ni Kimalagasi cha kisiwa hicho, kikisemwa kando ya Kikomoro, ndugu yetu sisi. Kwangu mimi hapo ndipo mahali pazuri pa kusimama na kusikiliza koo mbili zinavyopiga gumzo sokoni.

Kuna maneno yatakayonidanganya?

Tele. Hoteli za Fiji zinatangaza *bure* ufukweni, na Mswahili anaweza kupanda ndege kwa furaha. *Bure*, soma mbure, ni nyumba ya asili ya kuezekwa kwa majani, na usiku mmoja ndani yake utaulipia vizuri tu. Bango lenye neno *Tabu* halizungumzii shida za maisha. Linakataza, yaani marufuku. Neno hilo, kwa umbo la Kitonga, ndilo Kapteni Cook alilolipeleka Uingereza, na leo lipo katika lugha nyingi za Ulaya. Taabu yetu ilitoka Uarabuni, hawajuani.

*Tabua*, soma tambua, ni jino la nyangumi, kitu cha heshima kuu kinachotolewa kwenye posa, msiba au kuomba msamaha. *Moto* ni mkuki. *Dua* ni moja. *Toa* ni kuku. *Kana* ni kula, na *kula* ni ndege mwenye rangi za kuvutia wa jamii ya kasuku. *Mate* ni kufa, na hili lichunguze vizuri kabla ya kulitumia mbele ya daktari.

Wafiji wote wanasema namna moja?

Hata kidogo. Wanaisimu hugawa lahaja zao makundi mawili makubwa, mashariki na magharibi, na mtu wa milimani magharibi ya Viti Levu akiamua kusema lugha ya kwao hasa, mtu wa visiwa vya mashariki atatoka kapa. Salamu yenyewe hubadilika: *bula* ya mashariki ni *cola* magharibi. Isome dhola, si kinywaji. Huko Cakaudrove, kwenye Vanua Levu na Taveuni, k huondoka na mahali pake hubaki mkato kooni. Waliokaa chuoni kwa maalim wataitambua mara moja, ni hamza. Na kisiwa cha Rotuma, kilicho chini ya serikali hiyo hiyo, kina lugha yake kabisa.

Lugha sanifu imejengwa juu ya lahaja ya Bau, kisiwa kidogo sana kilichokuwa na nguvu kubwa ya kisiasa wakati wamisionari wanatafuta lahaja moja ya kuchapishia Biblia miaka ya 1840. Wasomaji wa Mombasa mnaweza kukisia manung'uniko yaliyofuata. Nasi tulikuwa na wamisionari wa Unguja na Kiunguja chao, wa Mombasa na Kimvita chao, mpaka mkutano wa Mombasa wa 1928 ukafunga mjadala kwa upande wa Unguja. Tofauti ni kwamba huko mshindi aliamuliwa mapema, kabla upande wa pili haujapata wa kuutetea.

Lugha nyingine za Pasifiki nazo zinatumia mpango huu?

Kila kisiwa na wamisionari wake, kila wamisionari na maamuzi yao. Kisamoa kinakubaliana na Kifiji kwenye g, ndiyo maana Pago Pago ni Pang'o Pang'o. Lakini b na c za Kifiji hazimo. Kihawaii kimepoteza konsonanti nyingi mpaka kimebaki na nane tu. Kiribati ndiyo yenye kisanga: ti husomwa s, hivyo nchi ni Kiribas, ambayo ni jina la Gilbert lililokaa katika vinywa vya wenyeji. Kisiwa chake kiitwacho Kiritimati, ukifuata kanuni hiyo, utagundua ni Krismasi.

Nisomeeni majina ya wachezaji na viongozi.

Waisale Serevi, mfalme wa raga ya saba, hana mtego. Hakikisha tu v ni ya midomo miwili. Semi Radradra ni Randrandra. Nemani Nadolo ni Nandolo. Rupeni Caucaunibuca, winga aliyewatesa mabeki na watangazaji kwa kiwango kimoja, ni Dhaudhaunimbudha. Ligawe dhau-dhau-ni-mbu-dha na halitakushinda. Sitiveni Rabuka, aliyefanya mapinduzi ya 1987 na kurudi kuwa waziri mkuu mwishoni mwa 2022, ni Rambuka. Frank Bainimarama ni Mbainimarama. Ngoma ya kivita ambayo timu ya raga ilianza kuicheza kabla ya mechi katika ziara ya New Zealand ya 1939 ni *cibi*, yaani dhimbi. Kisiwa cha Beqa ni Mbenga, Kadavu ni Kandavu, Mamanuca ni Mamanudha, Sigatoka ni Sing'atoka.

Kwa watu wa raga tu: Fiji ilipochukua dhahabu ya Olimpiki kule Rio mwaka 2016 kwa kuichapa Uingereza 43–7, benki kuu yao ilitoa noti ya dola saba kwa heshima ya timu. Dola saba. Nchi iliyofanya hivyo inastahili majina yake yatamkwe sawasawa.

Wahindi wa Fiji wanasema Kifiji?

Wengi wanajua cha kutosha, lakini lugha ya nyumbani ni Kihindi cha Fiji. Wazee wao waliletwa kwa mikataba ya kazi za mashamba ya miwa kati ya 1879 na 1916, takriban watu 60,000, chini ya Waingereza hao hao walioleta vibarua wa Kihindi kujenga reli ya Uganda. Katiba ya 2013 inataka watoto wote wa shule za msingi wafundishwe lugha zote mbili za mazungumzo.

Nikikutana na Mfiji nimsalimieje?

Rika lako mwambie *Bula!* Mkubwa wako mwambie *Ni sa bula*. Hiyo *ni* ni “ninyi”: mtu mmoja anayeheshimiwa huhesabiwa kama wengi. Asubuhi ni *Ni sa yadra*, ambayo kwa kweli ni “mmeamka”, na Mswahili aliyelelewa na “umeamkaje” haihitaji maelezo. Chifu au bwana wa heshima ni *turaga*, soma turang'a. Bibi ni *marama*.

Viwakilishi vyao vina adabu nyingine ya hesabu. “Sisi” yetu moja wao wameigawa mara sita: sisi wawili nikiwa nawe ni *kedaru*, sisi wawili bila wewe ni *keirau*, sisi wachache pamoja nawe ni *kedatou*, wachache bila wewe ni *keitou*, wengi pamoja nawe ni *keda*, wengi bila wewe ni *keimami*. Huwezi kusema “tunaenda kula” halafu mgeni akabaki anajiuliza kama amealikwa.

Ukialikwa kwenye *yaqona*, soma yangona, kinywaji cha mizizi kinachofanya ulimi uwe na ganzi, piga kofi moja la kina, liitwalo *cobo* (dhombo), sema *bula*, pokea kifuu, kimalize bila kushusha. Waliokaa watasema *maca*. Isome madha, maana yake ni kwamba kifuu kimekauka, nao watapiga makofi. Baada ya vifuu vitano hivi utagundua v yako imekuwa ya midomo miwili bila juhudi.

Naweza kukisikia wapi bila kupanda ndege?

Redio ya taifa ina idhaa ya Kifiji, Radio Fiji One, na inapatikana mtandaoni. Gazeti la *Nai Lalakai* hutoka kila wiki kwa Kifiji. New Zealand huwa na wiki ya lugha hiyo kila Oktoba, *Macawa ni Vosa Vakaviti*, na kipindi hicho video za masomo hujaa. Ukianza, fungua taarifa ya habari huku maandishi yako mbele yako na ufuatilie majina ya mahali peke yake. Ukisikia “Madhawa ni Vosa Vakaviti” na jicho lako likaiona c bila kushtuka, endelea na sentensi nzima.